UZI: Akademia ya sayansi ni kitu gani, na kwa nini sisi wa Kongwa tungekuwa wa kwanza kuidai

#1 MwalimuMstaafu_Kongwa

Wakuu, salaam. Naushusha uzi mrefu, naomba mnivumilie.

Juzi nilikuwa nimekaa na wazee wenzangu karibu na Nyerere Square hapa Dodoma mjini, nikataja akademia ya sayansi ya taifa. Mmoja akaniuliza ada yake kwa muhula ni kiasi gani, maana ana mjukuu anataka kumhamisha. Simlaumu hata kidogo. Kwetu neno hilo limeshakuwa la shule za mchepuo wa Kiingereza, zile zenye sweta na basi la njano.

Akademia ninayoisema haina mwanafunzi hata mmoja. Ni mkusanyiko wa wanasayansi waliochaguliwa na wenzao kwa kura, kwa sababu ya kazi ambayo kila mtu ameiona. Na kazi yake kubwa kwa taifa ni hii: nchi ikipata swali zito, wao wakae, wachunguze, wajibu kwa maandishi, na maandishi hayo yasomwe na yeyote anayetaka.

Nianzie nyumbani. Kwenye ua wetu kule Kongwa, mkoa huu huu wa Dodoma, kuna diski ya plau ya trekta. Mama aliitumia kufunikia pipa la maji kwa miaka mingi, baadaye ikatundikwa kanisani ikawa kengele, kengele ya kweli ilipokuja ikarudi kwetu. Ukingo wake umeliwa kama kipande cha sabuni. Baba alikuwa kijana wa kung'oa visiki kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, na diski hiyo ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Alitusimulia kwamba mvua ikinyesha ule udongo unashika mguu, na jua likitoka siku chache unakuwa sakafu. Karanga zilikomaa chini, lakini ukivuta, majani yanakatika mkononi na karanga zinabaki ardhini.

Mradi wenyewe wengi mnaujua kwa jina tu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa. Wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 ndani ya miaka sita. Mwaka wa kwanza, 1947, walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, mengine yalitengenezwa kwa kubadilisha vifaru. Januari 1951 ukafutwa, na pauni kama milioni 36 za wakati ule zikawa zimekwenda.

Swali linalonisumbua tangu nikiwa darasani nafundisha ni hili: kabla ya kununua trekta la kwanza, nani aliulizwa kuhusu udongo wa Kongwa na mvua ya Kongwa?

#2 MwalimuMstaafu_Kongwa

Naendelea. Historia kwanza, kwa sababu bila hiyo tutabishana hewani.

Akademia ya zamani tunayoikumbuka zaidi ilianzia Roma mwaka 1603, kijana wa miaka 18 aitwaye Federico Cesi na rafiki zake. Waliiita kwa jina la lynx, paka mwitu mwenye macho makali anayefanana na simbamangu wetu, kwa sababu walitaka kuona kile ambacho wengine hawakioni. Galileo alijiunga 1611. London wakafuata na Royal Society Novemba 1660, na mfalme akawapa hati 1662. Kaulimbiu yao ni ya Kilatini, nami ningeitafsiri hivi: usikubali kwa sababu fulani kasema. Yaani mkubwa akisema maji yanapanda mlima, weka maji kwenye mlima tuone. Niliwahi kuiandika ubaoni, mwanafunzi mmoja akauliza, hata wewe mwalimu? Nikamjibu hata mimi.

Ufaransa wakaja na yao 1666, lakini kwa mtindo tofauti: mfalme aliwalipa mishahara. Hawa ndio nataka wakulima wa Kibaigwa wawajue. Ufaransa ya wakati ule kila mji ulikuwa na kipimo chake, na mwenye nguvu ndiye aliyeshika kipimo. Mkulima analeta nafaka kwa bwana, bwana anapima kwa debe lake kubwa. Wakuu, hiyo ni lumbesa! Ile ile inayoshonewa kilemba juu ya gunia na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Mapinduzi yalipokuja, akademia ndiyo iliyopewa kazi ya kutafuta kipimo kisicho cha mtu. Mwaka 1791 wakapendekeza mita, itokane na dunia yenyewe: sehemu moja kati ya milioni 10 ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Delambre na Méchain wakatumwa 1792 kupima kipande cha Dunkirk hadi Barcelona, katikati ya vita, wakikamatwa na kudhaniwa majasusi. Kazi ilikwisha 1798. Kila mara afisa wa vipimo anapoweka gunia lako kwenye mizani, jua kilo nayo ilitokana na mita hiyo, na watu walitembea miaka sita ili mizani hiyo isiwe na bwana.

Akademia yenyewe ilifutwa 1793 na wanamapinduzi hao hao, na Lavoisier, mkemia wao mkubwa, akakatwa kichwa mwaka uliofuata. Ilirudishwa 1795 ndani ya taasisi mpya. Nalitaja hili kwa sababu akademia haiishi nje ya siasa, haijawahi.

Sasa Marekani, maana hapa ndipo penye somo letu. Tarehe 3 Machi 1863, nchi inachinjana yenyewe kwa yenyewe, Lincoln anasaini sheria fupi sana ya kuunda Akademia ya Taifa ya Sayansi yenye wanachama 50. Rais wake wa kwanza alikuwa Alexander Dallas Bache. Sheria inasema mambo mawili ya maana. La kwanza: idara yoyote ya serikali ikiiomba, akademia itachunguza, itafanya majaribio na kutoa taarifa juu ya jambo lolote la sayansi au ufundi. La pili: itarudishiwa gharama halisi, lakini haitapokea malipo yoyote kwa huduma yenyewe.

Someni tena hilo la pili. Nauli analipwa, karatasi zinalipwa. Maoni yake hayalipwi, na kisicholipwa huwezi kukigeuza kwa kuongeza bei.

Kazi za mwanzo? Vipimo na sarafu. Dira za meli za chuma, maana chuma kilikuwa kinapotosha sindano. Mwaka 1878 Bunge lao likauliza jinsi ya kupima ardhi ya magharibi ambayo idara kadhaa zilikuwa zikiigombania. Akademia ikajibu, na 1879 ikazaliwa idara moja ya jiolojia iliyopo hadi leo. Mwaka 1979 wakaulizwa kuhusu hewa ya ukaa. Kamati ndogo ikakaa, ikasema hewa hiyo ikiongezeka maradufu joto la dunia litapanda kama nyuzi 3, pungufu au zaidi kwa moja na nusu. Ni zaidi ya miaka 40 sasa na jibu lile bado linasimama.

#3 Nkuhungu_Kwetu

Mwalimu shikamoo. Nimesoma yote. Lakini mbona tunayo COSTECH ya sayansi na teknolojia, tunayo NIMR ya magonjwa, TARI ya kilimo, TALIRI ya mifugo kule Mpwapwa, vyuo vikuu kila kona? Tukiongeza chombo kingine si ni kuongeza viti na posho?

#4 MwalimuMstaafu_Kongwa

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo la msingi, na wengi hulichanganya.

Mwaka 1968 tuliunda Baraza la Utafiti wa Kisayansi, likiitwa UTAFITI. Likarithiwa na COSTECH kwa sheria ya 1986. (Wanaopanda daladala Dar wanakijua kituo cha Sayansi pale Kijitonyama, jina limetokana nao.) COSTECH ni tume ya serikali. Inaratibu utafiti, inatoa vibali na fedha. NIMR na TARI wanafanya utafiti wenyewe. Wote ni mikono ya serikali, na ni mikono mizuri. Mpwapwa, kwa mfano, maabara ya mifugo ipo tangu Wajerumani, 1905.

Akademia si mkono. Mwanachama wake hateuliwi na waziri na hawezi kutenguliwa na waziri. Anabaki na kazi yake ya chuo au hospitali, halafu akiitwa kwenye kamati anakuja na elimu yake tu.

Na wala sisemi tuunde kitu kipya. Tanzania tunayo akademia, TAAS, tangu muongo wa kwanza wa karne hii. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, amewahi kuwa rais wake. Ghana walianza 1959, miaka miwili tu baada ya uhuru. Kenya walizindua yao 1983, Uganda 2000. Na ile ya Afrika nzima iliundwa 1985, makao yake Nairobi, ikiongozwa na Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu.

Ninachodai ni utaratibu. Serikali sasa iko Mtumba. Bunge liko hapa. Nataka wizara ikiwa na swali la kisayansi iandike barua, akademia ijibu kwa siku zilizopangwa, na jibu lipatikane kwa Kiswahili kwa mtu wa Majengo sokoni kama linavyopatikana kwa mbunge.

#5 Mchumi_AreaC

Mwalimu, nakuunga mkono lakini nina hoja nzito. Umesema Waingereza walikuwa na Royal Society tangu 1660. Basi 1946 ilikuwa na miaka karibu 290. Kwa nini Kongwa ilitokea? Chombo kilikuwepo, kikongwe kuliko vyote, na bado wakamwaga milioni 36. Hii haivunji uzi wako mzima?

#6 MwalimuMstaafu_Kongwa

Mkuu, nimeisubiri hoja hii tangu mwanzo, na nakiri imenikosesha usingizi.

Ndiyo, chombo kilikuwepo. Haraka ndiyo iliyoamua. Uingereza ilikuwa na mgao wa chakula, wanasiasa walitaka mafuta upesi, kampuni iliyotoa wazo ikapewa nayo kuanza kazi, na ule ujumbe wa watu watatu ulikuwa na mtaalamu mmoja wa kilimo, meneja wa mashamba mmoja na mtu wa fedha mmoja. Wiki tisa haziwezi kukuonyesha mvua ya Kongwa. Mvua ya Kongwa unaijua kwa miaka, maana mwaka huu inakuja vizuri, mwakani inakata katikati ya msimu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele.

Kwa hiyo akademia ambayo haiulizwi ni jengo tu. Sheria ya Lincoln ilikuwa na tundu hilo hilo: "ikiombwa." Wamarekani waliliona tundu hilo. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, 1916, wakaunda Baraza la Utafiti ndani ya akademia ili kazi isingoje barua. Leo wanaweza pia kuanzisha uchunguzi wenyewe kwa fedha zao. Na kwa kawaida taarifa inasomwa kwanza na wakaguzi wa nje ambao waandishi hawawajui, na aliyelipia gharama haruhusiwi kubadilisha hitimisho.

Sisi tunaijua njia ya kamati ya muda. Mwaka 2021 Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu kuhusu korona, ikampa taarifa Mei 17, ikashauri takwimu zitolewe wazi na nchi iingie mpango wa chanjo. Nilifurahi sana siku ile. Lakini kamati ya muda ikimaliza kazi inavunjika, na kumbukumbu yake inakwenda nayo.

#7 Jembe_na_Udongo

Naongeza kidogo, maana udongo ndio riziki yangu. Ile diski ya mwalimu inaeleza kila kitu. Udongo wa sehemu ile una mfinyanzi mwingi uliochanganyika na chembe za mchanga mgumu wa kwazi. Mfinyanzi ndio unaogeuka sakafu jua likiwaka. Mchanga ule ndio tupa inayokula chuma. Shimo moja la kina cha mita moja, na udongo wake kupelekwa maabara, vingeonyesha yote mawili kabla trekta halijashuka bandarini.

Na jambo jingine. Wagogo waliokuwepo pale walikuwa wafugaji, wakilima mtama na uwele. Hawakuwa wajinga, walijua ardhi ile inataka nini. Mradi ulipokufa, kilichoshamiri ni ng'ombe. Ranchi ya Kongwa ipo hadi leo. Akademia ya kweli ingemsikiliza na mzee wa kijiji.

#8 MwalimuMstaafu_Kongwa

Umenena Jembe. Baba alisema wazee waliwaangalia Wazungu wakikata mibuyu na hawakuulizwa neno. Naongeza hilo kwenye madai yangu: mwenye ardhi awe na kiti mbele ya kamati.

#9 Binti_wa_Kondoa

Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwaka 2016, na naomba niseme kwa sababu uzi huu umenirudisha kule.

Wilaya za Chemba na Kondoa, na Kiteto upande wa Manyara. Watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Magazeti yaliandika ugonjwa wa ajabu. Vijijini walitaja jina jingine mnalolijua, uchawi, na majirani wakaanza kutazamana vibaya. Baadaye ikathibitika ni sumukuvu, yaani sumu ya kuvu anayeota kwenye nafaka. Wagonjwa 68, waliokufa 20.

Nilikaa kwenye nyumba moja, mama akanionyesha mahindi kwenye kihenge. Punje nyingine zilikuwa na unga wa kijani. Akasema, "Lakini mwanangu tuliyaosha, tukayasaga, tukasonga ugali ukaiva." Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo: kuvu huyo hukua nafaka ikianikwa chini au ikihifadhiwa ikiwa na unyevu, sumu yake inakula ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Kuanika juu ya turubai, kuchambua punje mbovu, kukausha hadi punje igonge jino, na mfuko usiopitisha hewa. Maneno manne tu. Yalikuwa yanajulikana kwa wanasayansi miaka mingi. Kwa yule mama hayakuwa yamefika.

#10 MwalimuMstaafu_Kongwa

Marahaba binti yangu, na pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Tazameni tatizo hilo ni la nani. Shamba ni la kilimo. Ini ni la afya. Unyevu ni wa hali ya hewa. Gunia linaloingia sokoni Kibaigwa ni la biashara na viwango. Kila wizara inashika mguu mmoja wa ng'ombe. Akademia haina shamba wala hospitali, na kwa sababu hiyo inaweza kuwaweka watu hao wote meza moja na kutoa karatasi moja.

Na tusiseme Dodoma tunapokea tu. Vijiji vya Kongwa hii hii viliipa dunia ushahidi juu ya vikope, ugonjwa wa macho unaopofusha. Watafiti walijaribu jambo dogo: watoto wanaweza kuoshwa uso, na ikifanyika, vikope vikali vinapungua? Matokeo yalichapishwa 1995. Leo kunawa uso ni nguzo moja kati ya nne za mpango wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya vikope, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira safi. Mimi nina wanafunzi waliokuwa watoto kwenye vijiji vile. Wanaona.

#11 Mchumi_AreaC

Nimekubali hoja ya kuulizwa. Bado moja: chombo kikilelewa na serikali kinakuwa cha serikali. Utazuiaje?

#12 MwalimuMstaafu_Kongwa

Kwa mfano mbaya kwanza. Agosti 1948, wakati baba yangu anang'oa visiki Kongwa, kule Moscow akademia ya kilimo ilikutana, na Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyependwa na Stalin, akatangaza kwamba elimu ya vinasaba ni uongo, na Stalin alikuwa ameshaisoma na kuisahihisha hotuba. Vavilov, aliyekusanya mbegu kutoka mabara karibu yote ili watu wasife njaa, alikuwa ameshafia gerezani Saratov 1943. Hapo sayansi iliulizwa, ila jibu lilikuwa limeandikwa kabla ya swali.

Halafu mfano mzuri wa nchi ile ile. Mwaka 1980 Sakharov, mwanafizikia aliyepinga serikali yake, alipelekwa uhamishoni mji wa Gorky. Akademia ya sayansi haikumfukuza uanachama. Walikaa kimya kwa mengi, lakini jina lake walikataa kulifuta, kwa sababu kanuni ilisema mwanachama anachaguliwa na kuondolewa kwa kura ya siri.

Hiyo ndiyo kinga ninayoijua: kura ya siri ya wenzako, gharama bila malipo ya maoni, na taarifa kutoka hadharani siku ile ile inapofika kwa waziri.

#13 Mwanachuo_UDOM

Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia mwaka wa pili. Watu kama sisi, hasa wasichana, tunaingiaje huko? Naona ni mambo ya wazee wenye mvi.

#14 MwalimuMstaafu_Kongwa

Marahaba mwanangu. Sitakudanganya, historia yao si safi. Ile ya Marekani ilikaa miaka 62 ndipo ikamchagua mwanamke wa kwanza, Florence Sabin, 1925. Mweusi wa kwanza, David Blackwell wa hisabati, 1965. Sisi kwetu tumeshaongozwa na mwanamke, hapo tumewatangulia.

Kuingia unaingia kwa kazi. Fanya kazi moja ambayo mtu wa nchi nyingine akiirudia atapata jibu lako. Anza na kilicho karibu. Kama unataka kuona diski, njoo Kongwa Jumamosi. Panda basi asubuhi, mke wangu atapika mlenda.

#15 Mwanachuo_UDOM

Nimerudi jioni hii. Wakuu, nimeigusa. Upande mmoja ukingo umeliwa vidole viwili zaidi ya upande mwingine, na chuma kimekuwa chembamba hadi kinakata. Nimegonga kwa jiwe, bado inalia kama kengele.

Mwalimu alinipeleka kwenye shamba la jirani tukachimba shimo hadi kiunoni. Nimechukua udongo kwenye mifuko minne, kila sentimita 25 mfuko wake, nimeuandika kwa kalamu ya wino. Jembe na Udongo, kama uko mjini, nielekeze jinsi ya kutenganisha mfinyanzi na mchanga kwa chupa na maji. Binti wa Kondoa, mwalimu anakusalimu, na ameniagiza nikuombe yale maneno manne uyaandike kwa Kirangi.

#16 Jembe_na_Udongo

Chupa ya lita moja, ya plastiki iliyo wazi. Udongo theluthi moja, maji, sabuni ya unga kijiko kimoja, tikisa dakika tano, iache isimame. Mchanga unatua kwa dakika moja, uwekee alama. Mfinyanzi usubiri hadi kesho.

#17 Binti_wa_Kondoa

Nitayaandika usiku huu. Nitayaleta hapa kesho asubuhi kabla sijaenda shamba.